Sahani Zilirudi Nyeupe

Sahani zilirudi nyeupe kila siku, na mwenye kulishwa akazidi kukonda. Hilo ndilo lililomnyima Générose raha kuliko hata kidonda chenyewe. Kidonda alikwisha kukizoea. Jioni Sista Pretty alipokuja na sinia lake la bandeji, Générose alimshika mumewe mkono na kutazama bila kugeuza uso: mpasuko mrefu, kutoka chini ya kifua kupita kando ya kitovu, mdomo uliogoma kufumba. Lakini habari ya chakula ilimshinda. Chakula alikipika yeye, kabla jua halijapanda juu ya nyumba za Busanza, pembeni mwa Kigali, na alijua kila kilichomo ndani. Mtu hawezi kula vile akabaki mifupa.

"Amekula mchana?" Sista Pretty aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho.

"Amekula, sista. Mama yangu ndiye aliyeshinda naye. Tazama." Akafunua hotipoti. Ilikuwa tupu, hata mchuzi umefutwa.

"Mayai?"

"Yote."

"Na uji wa sosoma?"

"Chupa nzima."

Sista akamtazama Viateur, akaitazama hotipoti, akamtazama tena Viateur, kama mnunuzi anayeshuku mizani. "Basi kinakwenda wapi, mzee? Maana kwako hakionekani."

Wodi ya wanaume ikacheka. Viateur naye akacheka kidogo, mkono juu ya tumbo ili lisitikisike. Huyu alikuwa mchomeleaji wa vyuma kule Gikondo, mtu wa mageti na madirisha, ambaye mlango wa chuma aliubeba peke yake huku wenzake wakitafuta wa kuwasaidia. Siku utumbo wake ulipotoboka alikuwa juu ya ngazi na mashine mkononi, akashuka mwenyewe, akaizima mashine, ndipo akaanguka. Sasa pete yake ya ndoa ilizungushiwa uzi isije ikadondoka.

"Na haja kubwa?" Sista akaendelea, sauti ileile, kalamu tayari.

Viateur akageukia ukuta. "Nilienda."

"Lini?"

"Nilienda tu, sista."

Générose akaona masikio ya mumewe yamewiva. Hakushangaa. Viateur alilelewa Bujumbura na baba mkali wa kanisani, na hata nyumbani mlango wa choo alikuwa akiufunga mara mbili.

Daktari Kabera alifika jioni hiyohiyo, akabonyeza kando za kidonda kwa vidole viwili, akasoma karatasi ya maabara. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Générose alimpenda kwa hilo, kwa sababu machache aliyosema aliyasema akikutazama.

"Mama, damu yake haina nguvu. Nyama hazina cha kujengea. Ni kama fundi aliye kazini bila saruji."

"Lakini anakula, daktari."

"Basi ale zaidi. Nampa wiki mbili, hapohapo kitandani, asishuke. Kidonda kikianza kushikana, tunashukuru. Kisipoanza, itabidi nimfungue tena." Akaikunja karatasi. "Na mwili huu sioni kama una akiba ya kufunguliwa mara ya pili."

Générose akasema asante. Hakujua anashukuru nini. Mdomo ulizoea.

*

Asubuhi moshi wa makaa ulitoka mbele ya mlango wao mapema kuliko wa majirani wote. Générose aliongeza kila alichoweza kuongeza. Dagaa aliwakaanga, akawasaga, akawatia ndani ya mboga. Maharagwe aliyachagua moja moja, akayachemsha mpaka yakapasuka. Uji aliukoroga bila kuuacha, maana uji wa sosoma, wa unga wa soya, mtama na mahindi, ukiupa mgongo tu unatia mabonge. Jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke ambaye zamani walisalimiana tu ngazini, alishuka na mayai yamefungwa ndani ya kanga, akayaweka kando ya jiko na kupanda tena bila kusubiri shukrani. Watu walikuwa wema. Jumuiya ya kanisa ilileta makaa. Kadi ya mutuelle, bima ya afya ya wananchi, ilibeba mzigo mkubwa wa hospitali, na kila Générose alipoirudisha kwenye mkoba aliipapasa kama mtoto.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, anafunga kitambaa kichwani. Mukecuru Nahimana, walimwita watu kwa heshima ya uzee wake. Alikuwa ameacha kuku zake na shamba la mihogo kule Bugesera siku ileile aliposikia mkwe wake amepasuliwa, akaja na mkeka mmoja na rozari. Générose alikuwa anashona sare za shule kwenye karakana ya Gikondo, na msimu ulikuwa wa shule kufungua. Angekosa kazi siku mbili tu, mwingine angekalia cherehani yake, nao wakabaki bila mshahara hata mmoja nyumbani. Kwa hiyo mchana kutwa mrwaza alikuwa mama. Huku ndivyo ilivyo: mgonjwa hana budi awe na mrwaza, mtu wake wa kumlisha, kumfulia, kumgeuza na kumsogezea beseni, maana wauguzi ni wachache na vitanda ni vingi.

"Leo nimetia dagaa wengi, mama. Usiondoke mpaka amalize."

"Mimi niondoke niende wapi? Nakaa palepale, ninasali." Mukecuru akalikaza fundo. "Mkwe wangu hana taabu. Wengine pale wanawasumbua warwaza wao asubuhi hadi jioni, lete hiki, ondoa kile. Yeye hajaniita hata siku moja. Anasema tu, mabukwe, pumzika. Mabukwe, nenda kaote jua. Ndipo narudi nakuta amekula."

"Anakula ukiwa nje?"

"Mwanangu, mwanamume aliyelelewa vizuri atatafunaje mbele ya mama mkwe wake?" Alisema hayo kwa fahari. "Baba yako, apumzike kwa amani, miaka yote aliyoishi hakuonja hata chai mbele ya mama yangu."

Générose akafunika hotipoti, akaifunga kwa kitenge isipoe, akampa mama kikapu. Mlinzi wa getini siku hiyo alikitaka kikapu kifunguliwe chote, akanusa, akauliza kama chupa haina pombe. Mukecuru Nahimana, ambaye hajawahi kulewa, alisimama na vifuniko mikononi kama mtu aliyekamatwa sokoni, watu wakipita. Alipohadithia jioni alicheka. Générose hakucheka.

*

Ijumaa bosi aliwaruhusu mapema. Hakufanya hivyo kwa wema. Umeme ulikuwa umekatika. Lakini Générose aliipokea ruhusa hiyo kama wema. Asubuhi bosi huyohuyo alikuwa amemwambia mbele ya wenzake, "Wewe siku hizi unanukia dawa ya hospitali, wateja watadhani tunashona sanda." Wenzake waliinamia vitambaa vyao. Baadaye mmoja alimwachia nusu ya chapati kwenye droo ya cherehani bila neno.

Alipofika wodini kitanda cha Viateur hakikuwa na mtu. Alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya tumbo, akisukumwa kwenye machela, Mukecuru akifuata nyuma na shuka. Générose akaanza kupanga vitu juu ya kabati dogo.

"Bibi ya Viateur," aliita mtu wa kitanda cha jirani. "Nilikuwa nakungoja sana."

Huyo aliitwa Conrad, dereva wa pikipiki wa Gatsata, mwanamume wa makamo mwenye kicheko kikubwa. Lori lilimvunja mguu mahali pawili, ukatiwa vyuma. Mkewe alikuwa Rusizi, mwisho kabisa wa nchi, na mtoto mchanga, hangeweza kuja. Watu wa kujitolea walimletea wali na maharagwe walipopata. Siku nyingine hawakupata. Siku hizo alikuwa ameanza kutembea kwa magongo katikati ya vitanda, akisalimia huku na huku kama mwanasiasa.

"Mimi iko na neno moja ya asante," alisema Conrad, akijiinua juu ya mto. "Nimeona haya siku nyingi. Lakini mama aliniambia mtoto anayekula bila kushukuru anakula mwiba. Ile chakula yako, wallahi, hata hoteli haiko. Ile dagaa ya jana! Nilimwambia Viateur, mzee, mke yako akifungua mgahawa, mimi nitaleta wateja yote ya pikipiki."

Générose akabaki na kikombe mkononi. "Dagaa gani?"

"Za jana. Na mayai. Na uji, Mungu aibariki mikono yako. Tazama!" Akajipiga shavu. Lilikuwa limejaa. Shavu la Conrad lilikuwa linang'aa kama la bwana harusi. "Daktari anasema mfupa iko inashika haraka. Nikamwambia ni uji ya bibi ya Viateur."

"Anakupa kiasi gani?"

Conrad akaanza kuona kitu usoni mwake. Kicheko kikapungua. "Yeye anasema ameshiba. Anasema, Mabukwe amekwenda kuota jua, chukua, maliza upesi." Akajiinua zaidi. "Mama... yeye hakuambia?"

Générose akaweka kikombe chini taratibu, kwa sababu aliona kitapasuka. Hakuweza kumkasirikia mtu aliyekuwa na njaa. Hicho ndicho kilichomuuma. Hasira ilikuwa imejaa kifuani na haikuwa na pa kwenda.

"Hakuniambia," alisema. "Lakini asante kwa kusema, Conrad."

*

Walipomrudisha Viateur, Générose alimtuma mama yake akanunue sabuni, akavuta pazia mpaka likafunga kitanda pande zote. Alizungumza kwa kunong'ona, na mnong'ono wa mke mwenye hasira husikika kuliko kelele.

"Viateur, unataka kufa?"

"Nani amesema?"

"Shavu la Conrad limesema. Shavu lake linakula mayai yangu, na wewe pete inakutoka. Nimeamka saa ngapi mimi? Mama yangu ananuswa kikapu na mlinzi. Daktari anasema atakufungua tena, na wewe unanirudishia sahani nyeupe, nami ninazitazama ninashukuru Mungu! Kama umechoka na mimi sema."

Viateur akafumba macho.

"Nikila," alisema mwishowe, "kitatoka."

"Kila kinacholiwa kinatoka."

"Mchana. Kitatoka mchana." Akavuta shuka kifuani. "Na mchana aliyepo ni mabukwe. Siwezi kusimama, Géné. Siwezi hata kujigeuza. Aje anivue? Ashike beseni? Mama aliyekuzaa wewe, anifute mimi? Kule nyumbani mama mkwe hata kitanda chako haruhusiwi kukikalia. Afadhali njaa. Njaa nimeizoea, hainiaibishi."

"Na jioni ninapokuwa mimi hapa, mbona unaonja tu?"

"Kikiliwa jioni, kinagonga asubuhi. Na asubuhi wewe umekwisha kwenda cherehani."

Générose aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alimwona mume wake akihesabu tumbo lake kama mtu anayehesabu saa za ulinzi, kila siku, kimya, huku akimwambia mama mkwe aende kuota jua.

"Na ukifa," alisema, sauti imelainika, "unajua nani atakuvua nguo? Watu wa chumba cha maiti kule chini, usiowajua jina. Watakuosha, wala hawatakuuliza kama unaona haya."

"Hapo sitakuwepo."

"Mimi nitakuwepo, mjinga wewe."

Akalia. Viateur akanyoosha mkono wake mwembamba, akamfuta machozi kwa pindo la shuka la hospitali, na yeye akaushikilia mkono ule hapo shavuni.

"Usimwambie," Viateur akasema. "Atakwenda zake Bugesera kwa haya. Atadhani nimemkataa."

*

Alimwambia. Hangeweza kulala na neno hilo. Alingoja mama amevua kitambaa, amekunywa maji, ameketi mkekani na kunyoosha miguu, akamweleza yote akiwa amemgeuzia mgongo, anakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. Alingoja mama ainuke aanze kufunga mkeka wake.

Mukecuru Nahimana hakuinuka. Alichukua rozari, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Basi Mungu alinisikia vibaya," alisema.

"Mama?"

"Unadhani mimi sikuwa na hofu hiyo? Tangu siku ya kwanza. Kila nikiingia pale asubuhi, kabla ya sala nyingine yoyote, nasema, Bwana, mkwe wangu asiniite leo. Mimi mzee, nimezika watu, nimezalisha wanawake, siogopi uchafu wa mtu. Lakini mkwe! Nilimwambia Mungu, hili moja uniepushe. Na kila jioni hajaniita, nilishukuru." Akatikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa ninaishukuru njaa yake. Nilikuwa nakaa pale, rozari mkononi, ninamwomba Mungu amfunge mtoto wa watu tumbo."

Générose aligeuka. Mama yake alikuwa amejishika mdomo, mabega yanatikisika, na kwa muda haikujulikana kama analia au anacheka. Ilikuwa vyote viwili. Générose akaketi kando yake, nao wakacheka mpaka jirani wa juu akagonga sakafu.

"Sasa tufanye nini, mama? Mimi kazi siwezi kuacha. Wanaume wa ukoo wake wote wako Burundi."

"Lala," alisema Mukecuru. "Nimekwisha kuona la kufanya. Ila kesho pika kwa sufuria kubwa. Tunalisha wawili."

*

Jumamosi karakana ilifungwa mchana, kwa hiyo Générose alikuwepo na aliona kwa macho yake. Mama yake aliingia wodini na kikapu kichwani, akampita mkwe wake kwa salamu fupi ya adabu, akaenda kusimama mbele ya kitanda cha Conrad.

"Wewe kijana. Unayekula chakula cha watu."

Conrad akavuta shuka mpaka kidevuni. "Mukecuru, unisamehe, mimi sikujua..."

"Sikuja kwa hilo. Nani anakufulia?"

"Mimi mwenyewe, mama, kidogokidogo."

"Naona. Shuka lako linasimama lenyewe. Nani anakuosha mgongo?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza. Kuanzia leo mrwaza wako ni mimi. Nitakufulia, nitakuosha huo mgongo, nitakuletea sahani yako mwenyewe, imejaa. Kwako sina haya, wewe si mkwe wangu, ni kama mjukuu aliyekosa adabu. Lakini mimi si wa bure."

"Mama, mimi sina kitu."

"Una mikono. Mguu mmoja mbovu, mikono yote mizima. Yule pale," na hapo Mukecuru hakugeuka wala kunyoosha kidole, alisogeza midomo tu upande wa kitanda cha Viateur, "akitaka kitu ambacho mama mkwe hapaswi kukijua, utavuta pazia na utamsaidia. Mimi nitakuwa nje nimeota jua. Jua nalipenda sana."

Viateur alikuwa amejifunika uso wote kwa mto. Conrad akatazama mto ule, akamtazama Mukecuru, kicheko chake kikubwa kikaanza kupanda kutoka tumboni.

"Mukecuru, mimi nimekula mwanzo yake wiki nyingi. Nitakataaje kubeba mwisho yake?"

Hata Sista Pretty, aliyekuwa mlangoni na sinia, ilimbidi atoke nje kwanza. Mzee mmoja wa kitanda cha mbali, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akizungumza, alicheka mpaka akaomba maji. Na kutoka chini ya mto sauti ya Viateur ikasema, "Jamani, nife tu," lakini haikuwa sauti ya mtu anayekufa.

Mchana ule Mukecuru alitoka. Générose akafungua hotipoti juu ya magoti ya mumewe. Viateur alitazama maharagwe, akatazama mayai. Alianza na kijiko kimoja, kwa woga, kama anayeingia maji baridi. Kisha cha pili. Halafu akala. Alikula kwa kasi, machozi yanamtoka, bila kuinua kichwa, na Générose ndipo alipoelewa njaa ile ilikuwa kubwa kiasi gani na ilifichwa kwa heshima gani. Alimmiminia uji.

*

Wiki mbili zilipokwisha Daktari Kabera alibonyeza tena kwa vidole viwili. Upande wa juu, upana wa kidole kimoja tu wa nyama mpya ulikuwa umefunga, nyekundu, laini kama ufizi wa mtoto. Daktari aliitazama muda mrefu.

"Hatufungui," alisema. "Sijasema amepona. Bado ni safari. Lakini hatufungui."

"Asante, daktari," alisema Générose, na safari hii alijua anashukuru nini.

Safari ilikuwa ndefu kweli. Sare za shule zikaisha, zikaja kazi za mapazia. Mvua zilianza na kidonda kikafunga kwa uchoyo, upana wa punje kwa punje, siku nyingine kikirudi nyuma. Homa ilikuja ikaenda. Mlinzi wa getini alimzoea Mukecuru mpaka akawa anambebea kikapu, akimwita mama. Conrad alifanya kazi yake kwa uaminifu na kwa kelele nyingi, akivuta pazia alikuwa akitangaza, "Barabara imefungwa, pitieni upande mwingine!" Viateur mwanzoni alimtukana. Baadaye alimzoea. Baadaye zaidi, walikuwa wakilala mchana kila mmoja amegeukia kitanda cha mwenzake, kama ndugu waliozaliwa nyumba moja.

Ndipo Conrad akaruhusiwa kwenda kwake. Aliwakumbatia wote, akamwinamia Mukecuru akaomba baraka, akaondoka na magongo yake na shuka safi. Kitanda chake alipewa mzee wa kiharusi asiyeweza kuinua kijiko.

Générose hakulala vizuri. Daktari alikuwa ameruhusu Viateur ashuke kitandani, atembee kidogo kwa kushikiliwa. Choo kilikuwa mwisho wa korido. Lakini nani wa kumshika? Asubuhi alipika, akampa mama kikapu, nao wakaagana bila kuligusa jambo lile. Mchana hakuweza kuvumilia. Alimwambia bosi ana haja ya kwenda hospitalini. Bosi akamtazama kwa muda, akasema, "Nenda basi, umekwisha kunishonea pazia moja juu chini," na hiyo nayo ilikuwa ruhusa.

Aliingia wodini akihema. Kitanda kilikuwa kitupu. Hotipoti ilikuwa juu ya kabati, imefunguliwa, imeliwa mpaka chini. Kigoda cha mama kilikuwa hakina mtu. Mzee wa kiharusi alimtazama, akasogeza macho upande wa korido.

Kabla hajafika, alisikia. Mtu alikuwa anaimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya kupasua paa, sauti ya mwanamke mzee aliyezoea kuimba akiwa shambani. Wagonjwa wa wodi nyingine walikuwa wametoa vichwa milangoni. Na mwisho wa korido, mbele ya mlango wa choo cha wanaume, alisimama Mukecuru Nahimana, mgongo umeupa mlango, macho ameyafumba, vidole ametia masikioni, anaimba.

"Mabukwe!" Viateur aliita kutoka ndani. "Mabukwe, nimemaliza, naomba mkono!"

Mukecuru hakusikia. Alipanda juu kwenye ubeti wa pili.

Générose alianza kukimbia kwenda kumgusa bega, kisha akasimama. Kule ndani, mumewe alikuwa amengoja kidogo, akacheka, cheko la tumbo zima, bila mkono wa kulishikilia. Halafu, kwa kuwa mama mkwe alikuwa bado hasikii na hakukuwa na haraka yoyote, akamwitikia kiitikio.